Kichwa Cha Ramadhwaan: Namna Ya Kupunguza Na Kuacha Kahawa Kabla Ya Mwezi Kuandama

Bismillaahir-Rahmaanir-Rahiym

Himidi zote Anastahiki Allaah, Mola wa walimwengu, na Swalaah na salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake wote.

Kila inapokaribia Ramadhwaan hutufikia maswali ya namna moja. Mume anauliza kama anaruhusika kufungua kwa sababu kichwa kinamgonga tangu asubuhi. Mke anauliza afanye nini na mume ambaye siku tatu za mwanzo hazungumziki. Kijana anauliza kama akimeza vidonge viwili wakati wa daku atakuwa amefanya kosa. Tukirudi nyuma na kuuliza, mara nyingi tunakuta jambo moja: muulizaji ni mnywaji wa kahawa, na si kikombe kimoja. Njaa inalaumiwa bure. Siku ya kwanza ya Ramadhwaan kilichokatika ghafla ni kahawa, na mwili unaidai.

Makala hii ni ya ndugu zetu hao na familia zao. Tunaiandika sasa tukiwa tumebakisha wiki kadhaa, kwa sababu dawa ya jambo hili iko katika Sha'baan. Ukingoja mpaka usiku wa mwezi kuandama umeshachelewa.

Kahawa yenyewe ni halali

Tuanze hapa ili pasiwe na mkanganyiko. Kunywa kahawa si haramu wala si makruuh kwa asili yake. Waislamu ndio walioitoa kahawa ulimwenguni. Katika karne ya 15 watu wa Yemen waliinywa ili wakae macho kwa ibada za usiku, na miongoni mwa waliotajwa kuieneza ni Jamaalud-Diyn Adh-Dhabhaaniy, mwanachuoni wa Aden aliyefariki mwaka 875 Hijriyyah. Mwaka 917 Hijriyyah, sawa na 1511, mkuu wa masoko wa Makkah, Khaair Bak, aliwakusanya wanavyuoni na kahawa ikapigwa marufuku mjini humo, ikachomwa moto hadharani. Marufuku hiyo haikudumu, kwani Sultani wa Misri aliilegeza. Mjadala uliendelea kwa miaka mingi, kisha jambo likatulia juu ya uhalali wake, kwa kuwa kahawa hailevyi wala haiondoi akili.

Basi asije mtu akamwambia muuza kahawa wa mtaani kwao kwamba riziki yake ina shaka. Tunachozungumzia ni kitu kingine: halali ambayo mtu ameizoea kiasi cha kwamba siku akiikosa anashindwa kufanya ibada yake kwa utulivu. Na wapo ambao kwao imeshakuwa na madhara, nao tutawataja.

Kwa nini kichwa kinauma

Ndani ya kahawa mna kitu kinachoitwa kafeini. Ubongo wa mwanaadamu kila unapofanya kazi hutoa kemikali iitwayo adenosini, ambayo hujikusanya kidogo kidogo mchana kutwa na kumletea mtu uchovu na usingizi. Adenosini ina milango yake katika ubongo. Kafeini inafanana nayo kwa umbo, kwa hiyo huwahi kukaa mlangoni na kuizuia isiingie. Uchovu upo pale pale, ila hausikiki.

Mtu akinywa kila siku, ubongo nao haukai kimya. Unafungua milango mingine zaidi. Ndiyo maana aliyekuwa akichangamka kwa kikombe kimoja sasa anahitaji vitatu. Siku kafeini isipokuja, milango yote hiyo iko wazi na adenosini inaingia kwa wingi. Mishipa ya damu ya kichwani, ambayo kafeini ilikuwa inaibana, inatanuka, na hapo kichwa kinaanza kugonga. Pamoja nacho huja uchovu, usingizi, hasira za karibu, kushindwa kuzingatia jambo, huzuni isiyo na sababu, na kwa wengine kichefuchefu na maumivu ya viungo kama ya mafua.

Madaktari wameipima hali hii vizuri. Huanza kati ya saa 12 na saa 24 baada ya kikombe cha mwisho, hufikia ukali wake kati ya saa ya 20 na ya 51, na humalizika baada ya siku 2 mpaka 9. Wala si lazima mtu awe mnywaji mkubwa. Hata anayepata miligramu 100 za kafeini kwa siku, yaani kiasi cha kikombe kimoja cha kawaida cha kahawa, anaweza kuipata.

Sasa tupige hesabu kwa saa zetu. Katika visiwa vyetu mfungo ni kiasi cha masaa 13 hadi 14, kwani tuko karibu na ikweta na mchana wetu haubadiliki sana. Aliyekunywa kahawa yake ya mwisho barazani saa 3 za usiku, saa 12 zake zinatimia saa 3 asubuhi, akiwa kazini au skuli. Inapofika saa 11 jioni ameshatimiza saa 20, yaani ameingia pale penye ukali. Kisha anafuturu, anakwenda Taraawiyh, na akitoka anakunywa vikombe vitano kufidia. Kesho yake hadithi inaanza upya. Huyu mwili wake haupewi nafasi ya kuzoea, na ndiyo sababu wengine huumwa na kichwa kila siku kwa wiki nzima na zaidi.

Hesabu kila kitu, si kahawa peke yake

Wengi husema "mimi si mnywaji wa kahawa" huku wanakunywa chai ya rangi nzito mara nne kwa siku. Kikombe cha chai kina kafeini kiasi cha nusu ya ile ya kikombe kama hicho cha kahawa. Kopo la mililita 250 la Red Bull lina miligramu 80, na vijana wetu siku hizi wanakunywa vinywaji vya aina hiyo wakati wa daku wakidhani vitawapa nguvu za kufunga. Soda nyeusi za kola nazo zimo.

Kahawa zenyewe hazilingani. Aina ya robusta, inayolimwa sana Kagera, ina kafeini inayokaribia mara mbili ya ile ya arabika inayolimwa Kilimanjaro. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kunywa vikombe sawa, mmoja akaumia na mwengine asiumie, kwa sababu tu ya buni iliyotwangwa.

Na kuna jambo ambalo wachache wanalijua: baadhi ya vidonge vya maumivu vina kafeini. Kidonge kimoja cha Panadol Extra kina paracetamol miligramu 500 na kafeini miligramu 65. Anayemeza viwili anapata kafeini zaidi ya kikombe cha kahawa. Bila shaka kichwa kitapoa, kwani mwili umepewa kile kile ulichokuwa unakidai. Lakini mtu huyu anadhani ameacha kahawa, na kumbe ameibadilisha sura tu. Akihitaji dawa, achukue paracetamol isiyo na nyongeza, kwa kipimo kilichoandikwa, kati ya futari na daku. Dawa kali za jamii ya diclofenac na ibuprofen tumbo likiwa tupu ni hatari kwa mwenye vidonda vya tumbo, na tunaona zinanunuliwa madukani kama peremende.

Kupunguza katika Sha'baan

Kukata mara moja kunawezekana. Wapo wanaofanya hivyo, wakavumilia siku nne tano, yakaisha. Kwa mtu mwenye afya hakuna hatari ya mauti ndani yake. Lakini kwa dereva wa daladala, nahodha wa mashua, fundi aliye juu ya paa, sisi hatumshauri, kwa sababu usingizi wa siku hizo ni mzito na huja bila ya taarifa. Njia nyepesi ni kupunguza kidogo kidogo.

Chukua mfano wa mtu anayekunywa vikombe vinane vidogo: viwili baada ya Alfajiri, viwili saa 4, viwili baada ya 'Asr, na viwili barazani baada ya 'Ishaa. Aanze na vile vya usiku. Wengi watashangaa, kwani wangependa kuanza na vya asubuhi. Sababu ni kuwa kafeini hukaa mwilini muda mrefu: baada ya masaa matano hivi nusu yake bado ipo. Kahawa ya saa 3 usiku inauchafua usingizi, mtu anaamka mzito, na huo uzito ndio unaomfanya atake kahawa nyingi asubuhi. Akipona usiku, asubuhi inajipunguza yenyewe.

Wiki inayofuata aondoe vya 'Asr, kimoja, kisha baada ya siku mbili tatu cha pili. Halafu vya saa 4. Akisikia kichwa kinaanza, asirudi alikotoka. Abaki pale alipo siku mbili, kisha aendelee. Kikombe cha mwisho kubaki kiwe kile cha alfajiri, kwa sababu hicho kinahama kwa wepesi: Ramadhwaan ikiingia kinakuwa kikombe cha daku, tofauti ya saa moja tu. Aliyekunywa kikombe kimoja saa 10 na nusu alfajiri, baada ya kula, atafika Maghrib akiwa na saa 14, na mwili wake umeshazoea kidogo. Huyo kwa kawaida hafiki kwenye maumivu.

Husemwa kuwa kahawa ya daku humkausha mtu maji yote. Kwa aliyeizoea si kweli kwa kiasi hicho. Kikombe kimoja hakimdhuru. Ila asiache maji. Upungufu wa maji wenyewe huleta kichwa, na anayekunywa glasi moja ya maji tangu futari mpaka daku asiilaumu kahawa.

Ugumu mkubwa, na hili tunalisema kwa kuwajua watu wetu, si kafeini. Ni baraza. Mtu anakwenda kusikia habari za mpira na za siasa, anakutana na wenziwe, anamhani aliyefiwa, na dele la kahawa linapita. Kumwambia asiende ni kumkata na watu. Aende. Siku hizi wauza kahawa wengi wana tangawizi, na asiyekuwa nayo hakatai kuleta ukiomba siku mbili kabla. Kikombe kile kile, moto ule ule, na kashata yake. Mchaichai pia ni mzuri, au maji ya moto yenye hiliki na mdalasini, ila nyumbani kwetu tuna tabia ya kutia majani ya chai humo humo. Yakitiwa majani, hiyo ni chai.

Na siku ya vunja jungu isigeuzwe kuwa siku ya kuiaga kahawa kwa vikombe kumi. Hiyo ni kujitengenezea kichwa cha kesho yake.

Sha'baan yenyewe ina msaada mwengine. Imethibiti kwa Mama wa Waumini 'Aaishah (Radhwiya Allaahu 'anhaa), katika Al-Bukhaariy na Muslim, kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) hakuwa akifunga Sunnah katika mwezi wowote zaidi ya Sha'baan. Anayefunga Jumatatu na Alkhamisi za mwezi huo anajijua mapema hali yake, na mwili unaonja siku bila kahawa kisha unapumzika. Tukumbushe tu kuwa kwa madhhab ya Imaam Ash-Shaafi'iy, inapovuka nusu ya Sha'baan haanzishi mtu funga ya Sunnah isipokuwa awe na mazoea nayo, au ameiunganisha na siku zilizotangulia. Wenye deni la Ramadhwaan iliyopita, na akinamama wengi wanalo, wao walipe. Nusu ya mwezi haiwazuii.

Nani anahitaji kuacha kabisa

Mja mzito awe wa mwanzo. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya imeweka miligramu 400 kwa siku kuwa kiasi kisichotia wasiwasi kwa mtu mzima mwenye afya, na kwa mja mzito 200 tu. Katika miezi ya mwisho ya mimba mwili wake huchukua muda mrefu zaidi kuitoa kafeini, hata masaa 15 kwa nusu yake, na inapita kwa mtoto.

Kisha yule ambaye moyo unamwenda mbio, mwenye kiungulia kisichoisha, mwenye shinikizo la damu lisilotulia, na yule anayekosa usingizi mpaka Alfajiri inampita kila siku. Huyu wa mwisho ajitazame vizuri. Kinywaji ambacho waliotangulia walikitumia kuamkia Swalaah, kwake kimekuwa sababu ya kuilalia.

Watoto hawana haja ya kahawa wala chai nzito. Zaidi ya usingizi, chai na kahawa zikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharage, na upungufu wa damu kwa watoto na akinamama ni jambo tunalolijua majumbani. Anayeipenda chai aisogeze saa moja baada ya chakula.

Aliyekusudia kuacha kabisa ana fursa katika Ramadhwaan: akishafikia kile kikombe kimoja cha daku, akifanye nusu kwa wiki moja, kisha robo, kisha akiache. Anayeacha na sigara wakati huo huo ajue kuwa mvutaji huitoa kafeini haraka kuliko asiyevuta, kwa hiyo akiacha sigara, kikombe kile kile kitamzidi nguvu na kumpa mtetemeko na kukosa usingizi. Apunguze vyote viwili.

Je, anaruhusika kufungua?

Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Ametoa ruhusa kwa mgonjwa na msafiri katika Suwratul-Baqarah, Aayah ya 184 na 185, wafungue na walipe siku nyingine. Lakini si kila maumivu yanaingia humo. Imaam An-Nawawiy (Rahimahu Allaah) ameeleza katika Al-Majmuu' kuwa maradhi mepesi yasiyomletea mtu mashaka ya wazi hayamhalalishii kufungua. Kichwa cha kahawa kwa wengi ni cha aina hii: kinakera, lakini mtu anatembea, anafanya kazi, anazungumza. Huyu anaendelea na swawm yake, na subira yake haipotei kwa Allaah.

Ikizidi ikawa mashaka makubwa asiyoyaweza, kwa mfano anatapika mfululizo, au ana kipandauso kinachomlaza kitandani, au daktari amemwambia ataumia, huyo ni mgonjwa. Anafungua bila ya dhambi na analipa siku moja. Asilolifanya ni kuamka bila ya niyyah kwa sababu anahisi kichwa kitakuja. Maradhi yanayokuja na kuondoka, mtu hunuia usiku, akaanza siku amefunga, na yakimfika kwa ukali huo ndipo hufungua. Aliyefungua kwa kuikosa tu raha ya kahawa ametenda dhambi. Atubie, ajizuie kula na kunywa siku iliyobaki, na alipe. Kafara nzito ya miezi miwili, kwa madhhab yetu ya Shaafi'iy, haimhusu aliyekula au kunywa.

Tahadhari moja muhimu. Si kila kichwa cha Ramadhwaan ni kahawa. Chenye homa kinahitaji kipimo cha malaria, na homa yenye shingo kukakamaa ni ya kukimbilia hospitali. Kichwa kilichokuja ghafla kwa ukali usiowahi kuujua, au pamoja na udhaifu wa upande mmoja wa mwili, vile vile. Mja mzito mwenye kichwa, kuona kiza na kuvimba mikono au uso asingoje Maghrib. Na mwenye kisukari akitetemeka na kutoka jasho, apime sukari na afungue ikiwa imeshuka.

Nyumbani katika siku hizo

Hasira za siku hizi zina sababu mwilini, lakini sababu si ruhusa. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) amemuelekeza aliyefunga, akitukanwa au akitakiwa ugomvi, aseme kuwa amefunga. Mume awaambie mapema mkewe na wanawe kuwa anapunguza kahawa na huenda akawa mzito siku mbili tatu. Mke naye akiwa anapunguza chai, hali ni hiyo hiyo, kwani wapo akinamama wanaoumwa kuliko waume zao na bado wanasimama jikoni tangu 'Asr. Mazungumzo ya ada za skuli na madeni yawekwe baada ya futari. Qayluulah, usingizi mfupi wa mchana, unasaidia sana hapa.

Yanayoulizwa mara kwa mara

Kupaka dawa ya kuchua kwenye paji la uso hakubatilishi swawm. Ama zile plasta za kubandika ngozini zenye kafeini, Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la kimataifa, katika kikao chake cha 10 kilichofanyika Jeddah mwaka 1997, limeorodhesha vinavyofyonzwa na ngozi, zikiwemo plasta zenye dawa, katika visivyofunguza. Kwa hiyo swawm yake ni sahihi, ingawa sisi tunaona aliyepunguza katika Sha'baan hazihitaji. Vidonge vya kuweka kwa nyuma, kwa madhhab ya Shaafi'iy, vinafunguza. Kujifukiza kwa makusudi ili mvuke uingie ndani, ajiepushe nako mpaka usiku. Na harufu ya kahawa inayokaangwa kwa jirani saa 9 mchana haifunguzi, hata akiivuta.

Wa Allaahu A'lam.